Programu yangu imekataa kufunguka kwenye Windows XP: niandike upya msimbo au nirekebishe faili za ujenzi?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Amu, mtaa wa Langoni. Nimeandika programu ndogo kwa lugha ya C ya kuweka hesabu za duka la jumla: mali iliyoingia, iliyotoka, madeni na risiti. Naijenga kwa CMake (zana inayoongoza ujenzi wa programu) kwenye laptopu yangu ya Linux. Mwenye duka ana tawi Faza, na kompyuta ya kule ni Pentium 4 yenye Windows XP ya biti 32. Hataki kuibadilisha kwa sababu printa yake ya utepe, inayotoa risiti za nakala tatu kwa mpigo mmoja, imeunganishwa na mashine hiyo kwa tundu la zamani ambalo kompyuta mpya hazina. Nilipeleka programu mara ya kwanza, mashine ikasema hiyo si programu halali ya Win32. Nikarudi, nikabadilisha kompaila (kigeuzi cha msimbo kuwa programu), nikaenda tena. Sasa inasema haikuiona GetTickCount64 (fanksheni inayohesabu muda tangu mashine iwashwe) ndani ya KERNEL32.dll. Je, niandike nakala ya pili ya msimbo kwa ajili ya XP? Kwenye CMakeLists.txt nimeweka swichi za kompaila -O2 na -march=native, na data naihifadhi kwa SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa safari. Najua boti za Faza zinavyongojea maji yajae kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha hupandi boti tena kwenda kujaribu kitu ambacho ungeweza kukijua ukiwa umekaa Langoni.

Nakala ya pili ya msimbo usiandike. Ukiwa na nakala mbili, kila kosa utalirekebisha mara mbili, na siku moja utasahau moja. Tatizo lako ni kwamba faili zako za ujenzi hazijasema popote mashine kongwe kabisa unayotaka kuihudumia ni ipi. Zisiposema, zana zitajichagulia zenyewe, na mara nyingi huchagua mashine mpya.

Kosa la kwanza lilikuwa la biti. Bila shaka ulitumia x86_64-w64-mingw32-gcc, ambayo hutoa programu ya biti 64, na XP ya biti 32 haiwezi kuisoma hata mstari. Ulipohamia i686-w64-mingw32-gcc ukavuka hapo. Kosa la pili ni la fanksheni: GetTickCount64 iliingia kwenye Windows kuanzia Vista, na XP ilitoka kabla yake, mwaka 2001. Programu ya Windows hubeba orodha ya fanksheni inazoziomba kutoka kwenye kila DLL (faili ya maktaba ya Windows), na XP huipitia orodha nzima kabla ya kuanza kazi. Likikosekana jina moja, haifunguki, hata kama fanksheni hiyo ingeitwa mara moja tu kwa mwaka.

Kuna kosa la tatu ambalo bado hujalikuta, nalo lingekusubiri Faza: ile -march=native. Swichi hiyo humwambia kompaila atumie amri zote zinazojulikana na prosesa ya mashine anayojengea, yaani laptopu yako. Pentium 4 inaishia kwenye makundi ya amri ya SSE2 au SSE3, kulingana na toleo lake. Ikikutana na amri ya AVX, kundi jipya zaidi, programu huanguka palepale kwa hitilafu 0xC000001D, na aliyekaa mbele ya mashine hataelewa kitu. Iondoe kabisa kwenye CMakeLists.txt, maana hiyo ni faili ya mradi mzima. Mambo ya mashine fulani yana mahali pake, na ndipo tunapokwenda sasa.

Tengeneza folda iitwayo zana ndani ya mradi, uweke humo faili xp.cmake, itakayoieleza CMake mashine unayoijengea:

set(CMAKE_SYSTEM_NAME Windows)
set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR i686)
set(CMAKE_C_COMPILER i686-w64-mingw32-gcc)
set(CMAKE_RC_COMPILER i686-w64-mingw32-windres)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH /usr/i686-w64-mingw32)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_PROGRAM NEVER)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY ONLY)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_INCLUDE ONLY)
set(CMAKE_C_FLAGS_INIT "-march=i686 -D_WIN32_WINNT=0x0501 -DWINVER=0x0501 -Werror=implicit-function-declaration")
set(CMAKE_EXE_LINKER_FLAGS_INIT "-static -Wl,--major-subsystem-version=5,--minor-subsystem-version=1")

Kisha jenga kwenye folda yake peke yake:

cmake -S . -B jenga-xp -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=zana/xp.cmake
cmake --build jenga-xp

Mistari ya FIND_ROOT_PATH inazuia CMake isiokote maktaba za Linux yako ikadhani ni za Windows. Swichi ya -static inaingiza maktaba za GCC ndani ya programu, usije ukahitaji kubeba DLL za pembeni kwenye flashi. Namba 5 na 1 za linka (zana inayounganisha vipande kuwa programu moja) huandikwa mwanzoni mwa faili ya .exe kuonyesha toleo la chini la Windows; XP ni 5.1.

Mstari wenye uzito kuliko yote ni ule wa _WIN32_WINNT. Thamani 0x0501 ni XP, 0x0600 ni Vista, 0x0601 ni Windows 7, na 0x0A00 ni Windows 10. Faili za vichwa (zenye matangazo ya fanksheni) za mingw-w64, yaani zana unazojengea programu za Windows, huitazama thamani hiyo kabla ya kukuonyesha fanksheni yoyote. Ukiiacha tupu, zana za miaka hii huchukulia Windows mpya, na GetTickCount64 inapita bila hata onyo. Ukiiweka 0x0501, tangazo la fanksheni hiyo linafichwa, na kwa ile swichi ya -Werror kompaila anasimama hapohapo na kukutajia faili na mstari. Ndilo tunalolitaka. Kosa lililokuwa likijitokeza Faza sasa linajitokeza mezani pako.

Litakapojitokeza, usitawanye #ifdef (masharti ya kompaila) kwenye faili zote. Weka faili moja, tuseme jukwaa_win.c, yenye fanksheni zako mwenyewe za saa na njia za folda, na msimbo wote uliobaki upitie humo. Kwa saa, GetTickCount ya kawaida ipo XP. Hurudi sifuri baada ya siku 49.7, lakini ukipima muda uliopita kwa kutoa namba zisizo na alama (unsigned), hesabu inabaki sahihi maadamu muda wenyewe hauzidi huo. Ukitaka usahihi zaidi, QueryPerformanceCounter ipo pia. Ukitumia SHGetKnownFolderPath au inet_pton nazo zitakataa, maana ni za kuanzia Vista; ya kwanza ina mbadala wake wa zamani, SHGetFolderPath.

Ukihitaji CMake ikukagulie kama fanksheni fulani ipo, tumia check_symbol_exists. Iache check_function_exists: hiyo haisomi faili za vichwa, kwa hiyo kwenye Windows ya biti 32 hushindwa kulijua jina la fanksheni linavyoandikwa na linka, ikakujibu haipo na kumbe ipo. Nimeona watu wakihangaika kwa hilo bila kumjua mchawi wao.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: zile thamani zinazoishia na _INIT husomwa mara ya kwanza tu folda ya ujenzi inapoundwa, kisha CMake huzihifadhi. Ukibadilisha xp.cmake halafu ukajenga tena kwenye folda ileile, mabadiliko ya swichi hayataonekana. Futa jenga-xp yote uanze upya.

SQLite isikutie wasiwasi. Usichukue maktaba iliyokwishajengwa na mtu mwingine, kwa sababu hujui aliijenga kwa thamani gani. Waandishi wake huitoa pia kama faili moja kubwa ya C, sqlite3.c. Itie kwenye mradi kama faili zako nyingine, nayo itapita kwenye swichi zilezile.

Sasa ukaguzi, na hapa naomba usiruke hatua. Kabla ya kutia chochote kwenye flashi, endesha objdump, inayosoma yaliyomo ndani ya .exe:

i686-w64-mingw32-objdump -p jenga-xp/duka.exe

Juu kabisa uone pei-i386. Ukiona pei-x86-64 umerudi kwenye kosa la kwanza. MajorSubsystemVersion iwe 5 na MinorSubsystemVersion iwe 1. Kisha shuka kwenye kila DLL Name usome majina ya fanksheni chini yake. KERNEL32.dll, USER32.dll na msvcrt.dll ni wenyeji wa XP. Ukiona DLL zinazoanza na api-ms-win-crt, zana zako zimejengwa juu ya maktaba ya C iliyokuja na Windows 10, ambayo XP haiji nayo. Tafuta toleo la mingw-w64 linalotumia msvcrt, maktaba ya C ya zamani. Na ukiona jina la fanksheni mpya ambayo wewe hukuiita popote, imetoka kwenye maktaba za kompaila mwenyewe, kwa sababu swichi yako ya -D_WIN32_WINNT haiwezi kubadilisha kitu kilichokwishajengwa. Hapo tiba ni toleo la zamani la zana, au kuijenga mingw-w64 mwenyewe kwa --with-default-win32-winnt=0x0501 na --with-default-msvcrt=msvcrt. Ni kazi ya subira, lakini ukiimaliza mara moja umeimaliza.

Usiridhike kwa kuona programu inafunguka kwenye Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), hata ukiiwekea hali ya XP. Wine inazo fanksheni mpya ndani yake na itakupa GetTickCount64 bila kusita. Kipimo cha kweli, ukiacha objdump, ni XP yenyewe ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa) kwenye laptopu yako.

Programu hii ya biti 32 itafunguka pia kwenye Windows 7, 10 na 11 za biti 64 zenye prosesa za Intel au AMD, kwa hiyo duka la Amu na tawi la Faza wapeni faili moja. Kwa programu ya hesabu za duka hakuna utakachokosa. Data yako haitakaribia kikomo cha kumbukumbu cha biti 32.

Kuhusu mashine yenyewe, mwambie mwenye duka waziwazi: Microsoft iliacha kuitolea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Iendelee kuhudumia printa yake, risiti za nakala tatu zinahitaji printa inayogonga karatasi na hilo halina ubishi, lakini isiunganishwe na intaneti hata kidogo. Autorun (flashi kujiendesha yenyewe inapochomekwa) izimwe, flashi iwe moja ya kazi hiyo tu, na kila jioni faili ya SQLite inakiliwe baada ya programu kufungwa, si ikiwa wazi, ili nakala isije ikatoka nusu.