Vishikio vya kifuniko cha bwawa vinavyogoma: usivunje zege kabla hujajua kinachogoma

Mkuu uliyeuliza kuhusu bwawa la lodge kule Njedengwa: umesema kati ya vishikio 22 vya brasi vilivyozikwa kwenye zege, vitano skrubu hazipandi, viwili vinazunguka mzima mzima, na kimoja kimeng'oka na kipande cha zege. Hayo ni magonjwa matatu tofauti. (Kishikio ni ganda la brasi lenye skrubu ndani: skrubu inapandishwa ili mkanda wa kifuniko, wenye springi mwishoni, unaswe hapo, na inashushwa kifuniko kikitolewa.) Fundi akikwambia ang'oe vyote aweke vipya, atakuongezea matundu 22 mabovu.

Anza na vilivyogoma, maana ndivyo rahisi. Maelekezo ya vifuniko hivi yanayotoka Marekani yanahangaika na barafu, huku kwetu adui ni vumbi likichanganyika na maji ya visima. Maji ya Dodoma yana chumvi. Yakikauka ndani ya ganda yanaacha ukoko mweupe, na ukoko ukishikana na vumbi jekundu unakuwa kama plasta kwenye nyuzi za skrubu.

Kwanza kagua alenki, yaani ufunguo wa pembe sita wa kuzungushia skrubu. Skrubu nyingi za aina hii ni za robo inchi, yaani milimita 6.35. Alenki ya milimita 6 inaingia vizuri tu, ila inacheza, na brasi ni laini: ukikaza mara mbili pembe zimeliwa na hapo huna pa kushika. Tafuta ya robo inchi kamili. Chokoa tundu kwa msumari mwembamba, puliza kwa pampu ya baiskeli, halafu dondosha siki kwa bomba la sindano lisilo na sindano, matone machache tu, uache dakika 15. Siki inakula ukoko, lakini inakula na saruji, kwa hiyo isimwagike pembeni, na ukimaliza suuza kwa maji safi. Asidi ya bwawa usiguse kabisa.

Ikikauka, weka mafuta ya kulegeza kutu, gonga kichwa cha skrubu kidogo kwa nyundo na kipande cha chuma butu, kisha zungusha robo kwenda, robo kurudi. Ukiona mtu ameunga bomba kwenye alenki apate nguvu, mnyang'anye. Skrubu ikitoka, piga mswaki nyuzi zake na za ndani ya ganda, paka vaselini kidogo sana. Girisi na oili chafu ni kosa: vumbi linanata na baada ya mwezi unarudi ulipoanzia.

Viwili vinavyozunguka havina shida ya skrubu. Ganda limepoteza mshiko kwenye zege, na mara nyingi chanzo ni biti ya drili iliyotoboa tundu. Ganda la kawaida linataka tundu la robo tatu inchi, ambayo ni milimita 19. Fundi akikosa ya 19 anachukua ya 20, ganda linaingia kwa kidole, anafurahi. Lilitakiwa liingie kwa nyundo.

Hapo pandisha skrubu, weka kipande cha mbao juu ya zege kama egemeo, inua ganda taratibu kwa mtaimbo mdogo. Safisha tundu: puliza, piga brashi, puliza tena. Ukiacha vumbi, epoksi itashika vumbi na zege litabaki peke yake. Ziba chini ya ganda kwa solotepu kama liko wazi, paka vaselini kwenye skrubu na uishushe kabisa, ndipo upake epoksi ukutani mwa tundu na ugonge ganda mpaka lilingane na sakafu. Fanya asubuhi, saa saba mchana juani epoksi inaganda mkononi. Usivute mkanda kabla ya saa 24.

Kile kilichong'oka na zege usikirudishe kwenye shimo lilelile, hata kwa epoksi. Kata mraba wa sentimita 30 kwa 30 mpaka upate zege zima, mimina jipya la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mwagilia siku 7, na usitoboe wala kuvuta kabla ya siku 28. Kama hapo ni pevingi na si zege, kishikio kifupi hakifai. Kuna bomba refu la sentimita 45 linalopita kwenye tofali na kuingia ardhini.

Sasa chanzo cha hiki cha mwisho. Angalia springi: kifuniko kikiwa kimefungwa, springi inatakiwa ibanwe kama nusu. Ikibanwa yote, upepo wa Julai unavuta zege moja kwa moja. Angalia na maji. Kifuniko kinaegemea maji, na kwa ukame na mgao wa maji wengi huacha bwawa lishuke. Yasizidi sentimita 45 chini ya ukingo, la sivyo mtu akikanyaga katikati uzito wote unakwenda kwenye vishikio.

Mpaka hicho kimoja kirudi, kifuniko chako kihesabu ni cha kuzuia vumbi tu. Mtoto anapita kwenye pengo la mkanda mmoja uliolegea, kwa hiyo geti la bwawa lifungwe kwa kufuli usiku na mchana.