Daktari wa familia aje zahanati

Mhariri, juma hili mmetuuliza: daktari wa familia ana kazi gani mashinani, ilhali tayari tuna wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii? Mimi ni muuguzi wa zahanati huku Magharibi mwa Kenya. Nionavyo, kazi yake ni kumjua mgonjwa mzima, pamoja na nyumba anayorudi jioni. Sisi wengine kila mtu ana kipande chake.

Kuna mama mmoja wa presha na magoti aliyekuwa akitibiwa kwetu, kwenye kliniki ya kibinafsi sokoni, na dukani kwa muuza dawa. Daktari wa familia alipotutembelea hakuandika kitu kwanza. Alimwomba amwage mezani dawa zote zilizokuwa mkobani. Pakiti mbili zenye majina tofauti zilikuwa dawa ileile ya presha, amlodipini, kwa hiyo mama alikuwa akimeza dozi maradufu. Dawa hiyo ikizidi huweza kuvimbisha miguu. Yake ilikuwa imevimba kweli, akaongezewa tembe za kupunguza maji, nazo zikawa zinamwamsha usiku kucha kwenda chooni. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, nayo ilikuwa inapandisha presha ileile tuliyohangaika kuishusha. Mama alikwenda zake na dawa chache kuliko alizokuja nazo. Wote waliomtibu kabla walitibu vipande vyao, tena kwa bidii.

Kuhusu wahudumu wa afya ya jamii, mwaka 2023 serikali ilizindua 100,000, ikawapa vifaa vya kupima presha na sukari, kila mmoja na nyumba zake kama 100 hivi. Hilo ni jema. Lakini presha ikipimwa sebuleni ikasoma 180, halafu? Lazima awepo wa kuzisoma orodha zao na kusema nyumba ipi ifikiwe kwanza. Kuba walianza hivyo mwaka 1984: daktari na muuguzi wakaishi mtaa wanaouhudumia, wakapanga watu makundi manne, wazima, walio hatarini, wagonjwa, na wenye ulemavu, kila kundi na ratiba yake ya kuonwa. Tulipoleta madaktari 100 kutoka huko mwaka 2018, tulibishana sana juu ya mishahara yao. Namna yao ya kufanya kazi wachache waliuliza.

Si kwamba hatuna wetu. Chuo Kikuu cha Moi kinafunza madaktari wa familia tangu 2005. Ila wakihitimu, wengi hubaki hospitali kubwa, ama chumba cha upasuaji ama ofisi ya usimamizi. Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka zahanati ziunganishwe na hospitali katika mtandao mmoja. Kwenye karatasi inapendeza.

Mtaniambia ni wachache. Ndiyo maana sitaki daktari huyo akae kwangu kuona vikohozi, vikohozi naviweza. Aje siku moja kwa mwezi, aone wale waliotushinda, apitie faili nasi, kisha azungukie nyumba mbili tatu na mhudumu wa eneo. Wakubwa wakitaka kuanza, waanze na mafuta ya gari. Mara ya mwisho alikuja kwa bodaboda, na nauli alitoa mfukoni mwake.