Uliza Jukwaani: Timu isiyoogopa kushuka daraja

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, naishi Pittsburgh, Marekani. Besiboli sikuijua hata chembe. Aprili 2017, tukisubiri kuingia zamu ya usiku, mwenzangu akaniita kwenye televisheni: Gift Ngoepe, kijana wa Afrika Kusini, anacheza na jezi ya Pirates, timu ya mji huu, Mwafrika wa kwanza kutoka barani kwetu kufika ligi kuu ya mchezo huo. Mara yake ya kwanza kushika gongo, akaupiga mpira wa Jon Lester wa Chicago Cubs na kufika kituo cha kwanza. Basi, nikanasa.

Novemba hiyohiyo wakampeleka Toronto. Januari 2018 wakawaachia Gerrit Cole na Andrew McCutchen, kipenzi cha mji mzima. Julai wakatoa vijana watatu, Glasnow, Meadows na Baz, wampate mrushaji mmoja, Chris Archer. Tangu msimu ule mpaka 2025 hatukumaliza mwaka tukiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo.

Sasa tunaye Paul Skenes. Mwaka 2025 kapewa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora kwa kura zote, lakini hesabu yake ni kushinda 10, kupoteza 10, kwa sababu wapigaji wetu hawampi kitu. Mwaka huo timu ilipoteza mechi 91. Kocha Derek Shelton alitimuliwa Mei; mmiliki, Bob Nutting, yupo palepale tangu 2007. Tunaimba "uza timu" mpaka koo zinakauka. Je, tunajichosha bure? Nirudi zangu kwa Coastal Union ya nyumbani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umemtaja Coastal, nami nianzie hapohapo. Unakumbuka 2016? Coastal, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za Tanga, zilishuka daraja kwa mpigo. Mji mzima ulinuniana. Ila Coastal haikulala, 2018 ikarudi.

Huko kwenu kitu hicho hakipo. Timu ni 30, na mwakani zitakuwa zilezile 30, hata moja ikipoteza mechi 100. Nanyi mlizipoteza hizo 100 mwaka 2022. Mkaadhibiwa? Bahati nasibu ya timu zilizofanya vibaya ikawapa chaguo la kwanza la vijana wapya wa 2023, na ndipo mkampata huyo Skenes. Mie nilipoelezwa habari hii mara ya kwanza nilidhani nataniwa.

Halafu kuna fedha. Haki za televisheni ya taifa zinagawanywa kwa wote, na timu za miji yenye mapato makubwa huchangia za miji midogo. Mishahara haina dari, ndiyo maana Dodgers wa Los Angeles waliweza kumwahidi nyota wao Shohei Ohtani dola milioni 700 kwa miaka 10. Lakini haina sakafu pia. Hakuna sheria inayomlazimisha mmiliki kutumia kiasi fulani kwa kikosi kizima. Kwa hiyo mmiliki anaweza kumaliza mkiani na hesabu zake zikakaa sawa. Kiti kisichokuwa na mtu siku ya Jumanne kinamuuma kidogo tu.

Nisimwonee Nutting. Mwaka 2023 alimpa mchezaji wenu Bryan Reynolds mkataba wa dola milioni 106.75, mkubwa kuliko wowote ambao klabu ilikuwa imetoa mpaka wakati huo, na mwaka huohuo McCutchen akarudishwa nyumbani. Ila mchezaji mmoja hajengi kikosi. Na Shelton? Alikuwa ameshinda 12, kapoteza 26, kuondoka kulikuwa lazima. Lakini kumfukuza kocha ni jambo rahisi kuliko yote, hata huku kwetu Kariakoo wanalijua.

Kelele zenu kwani hazisikiki? Zinasikika. Aprili 2025 walifunika alama ya 21, namba ya jezi ya gwiji wenu wa zamani Roberto Clemente, ukutani mwa uwanja na kuweka tangazo la kinywaji. Clemente! Mtu aliyekufa kwa ajali ya ndege mkesha wa mwaka mpya akipeleka msaada Nicaragua, na ukuta wenyewe wa upande wa kulia una urefu wa futi 21 kwa heshima yake. Mji ukachachamaa, klabu ikaomba radhi, alama ikarudi. Rangi ya ukutani inabadilika kwa kelele. Orodha ya mishahara ni ngumu zaidi.

Mimi ningewapima kwa tarehe moja. Mchezaji hufungwa na timu yake mpaka atimize miaka sita ya utumishi, ndipo awe huru kwenda atakako. Kwa Skenes ni baada ya msimu wa 2029. Kila kipindi cha usajili, hesabu wapigaji wa kweli walioongezwa, uachane na hotuba za meneja mkuu. Wakianza kusikilizia ofa za Skenes mwenyewe, utakuwa umejibiwa.

Kuhusu tiketi: yeye hurusha takriban kila siku ya sita. Nenda siku zake, umtazame ukiwa kijana na macho yako mazima. Siku nyingine baki nyumbani. Mechi ya saa kumi jioni pale Mkwakwani kwako ni saa tatu asubuhi, umetoka zamu, chai bado ya moto.