Uliza Fizio: Enka imeteguka, hizi tepu za rangi zinatibu kweli?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni winga, miaka 24, nacheza ndondo huku Mbagala. Jumapili niliruka kupiga kichwa, wakati natua nikakanyaga kiatu cha beki, enka ya kulia ikapinda kwa ndani nikasikia "ta", ikavimba pale pale. Washkaji wakasema nisihangaike na hospitali, ninunue zile tepu za rangi wanazobandika wachezaji wa Ulaya. Nimenunua ya bluu nimebandika kwa kuangalia video, sasa hivi natembea ila nachechemea. Jumamosi tuna robo fainali. Nikibandika vizuri zaidi naweza kucheza? Na je, hiyo tepu inaunga mishipa iliyochanika?
Winga, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jumamosi huchezi. Naanza na hilo kwasababu ndo ulichokuwa unakitafuta kwenye barua nzima.

Sasa tuongee. Kabla ya tepu, kabla ya barafu, kabla ya chochote, mfupa uko salama? Hao washkaji waliokwambia usihangaike na hospitali walipima na nini? Maana kipimo kipo na hakitaki mashine, kilitengenezwa na madaktari wa dharura kule Ottawa, Canada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili sio kila mwenye enka iliyovimba apigwe eksirei bure. Shika ile nundu ya mfupa ya nje ya enka, bonyeza ncha yake ya chini halafu panda na kidole kwa nyuma yake kama sentimita 6 kwenda juu, unabonyeza mfupa wenyewe, achana na ile nyama iliyovimba mbele. Fanya hivyo hivyo nundu ya ndani. Kisha telezesha kidole kwenye ukingo wa nje wa unyayo, ukifika katikati utakuta kimfupa kimejitokeza, kinaenda kwenye kidole cha mwisho, bonyeza hapo, halafu upande wa ndani, juu kidogo ya uvungu wa unyayo. Ukigusa sehemu yoyote kati ya hizo ukaruka kwa maumivu, nenda kapige picha. Au kama ulipoumia hukuweza kupiga hatua 4 na hata sasa zinakushinda, nenda pia. Hatua za kuchechemea zinahesabika, kwa hiyo hapo umefaulu, lakini hizo nundu bado hujaniambia. Ukizibonyeza zote hazina shida, uwezekano wa mfupa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki usimfanyie mtu aliyelewa wala mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi, hao maumivu hawayasikii vizuri, wapeleke tu.

Hiyo "ta" sasa. Nje ya enka kuna ligamenti tatu, ndo hiyo mishipa unayoisema, inashika mfupa na mfupa, mguu ukipinda kwa ndani, ile ya mbele ndo inaumia kwanza, ikizidiwa inafuata ya katikati, ya nyuma ni mara chache. Inaweza kuvutika tu, ikachanika nusu, au ikakatika kabisa. Iliyovutika tu, wiki moja mbili mtu yuko fiti, ya nusu hesabu wiki 3 mpaka 6, iliyokatika inaweza ikafika miezi 3. Mlio pamoja na uvimbe wa papo hapo unanifanya nisikuweke kundi la kwanza. Na ukiona damu imevilia mpaka karibu na vidole usishtuke, inashuka yenyewe.

Haya, tepu. Aliyezianzisha ni Mjapani, Kenzo Kase, miaka ya 1970. Ni kitambaa cha pamba na gundi ya akriliki basi, dawa ndani hamna, na bluu na pinki na nyeusi ni kitu kile kile, muuzaji akikwambia nyeusi ni kali zaidi anakuuzia rangi. Dunia ilizijua kwenye Olimpiki ya Beijing 2008, sisi watu wa mpira wengi tuliziona mgongoni kwa Balotelli, nusu fainali ya Euro 2012, alipovua jezi baada ya kuwafunga Wajerumani goli la pili. Tangu hapo mtaani ukibandika wewe ni pro.

Wenye kuziuza wanasema zinainua ngozi kidogo, damu na maji ya uvimbe yanapata njia. Inapendeza kusikia. Ila mwaka 2015 watafiti wa Brazil walichukua wanamichezo walioteguka enka, wengine wakawabandika tepu kwa namna inayotakiwa, wengine wakabandikwa ya kuzugia, baada ya siku 3 walipopima uvimbe hawakuona tofauti ya maana. Kwenye maumivu zipo tafiti zinaonyesha nafuu kidogo, na zipo nyingi ambazo ya kweli na ya kuzugia zimetoka sare. Kuunga ligamenti hapana kabisa, ligamenti inajiunga yenyewe ndani kwa ndani, ukibandika usibandike.

Penye hatari ni kwenye kushikilia. Hiyo tepu imetengenezwa ivutike, ukiivuta inaongezeka karibu nusu ya urefu wake, sasa kitu cha hivyo kitazuiaje enka isipinde wakati uzito wako wote umetua juu yake na beki kakusukuma? Inachofanya ni kugusa ngozi, unausikia mguu wako zaidi, moyo unatulia, unajiona uko sawa. Kujiamini kumepanda, uimara uko pale pale, hapo ndo mtu anaingia uwanjani anajitonesha vibaya kuliko mwanzo. Nimewaona wengi wa hivyo na karibu wote walikuja na tepu zimebandikwa vizuri tu.

Kinachoshikilia ni ile tepu nyeupe ngumu isiyovutika, ingawa nayo ukishatoka jasho dakika 20 au 30 imeanza kulegea, au soksi ngumu ya enka yenye kamba za kufunga, na hiyo kwa mtu aliyewahi kuteguka tafiti zinaikubali kwamba inapunguza kujitonesha. Kama una hela ya kitu kimoja nunua hiyo. Ila bado, Jumamosi huchezi.

Kwa sasa hivi funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole ukipanda juu, ibane ya kutosha ila vidole visiwe baridi wala ganzi, usiku ifungue. Ukilala mguu uwe juu ya mto, juu kuliko moyo. Barafu weka ukitaka, ndani ya kitambaa, dakika 10 mpaka 15, ni ya maumivu tu usiitegemee kwa uponaji, hata yule daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliyeipa umaarufu mwaka 1978 baadae aligeuka akasema inaweza ikachelewesha. Maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu siku 3 za mwanzo, acha. Na usilale tu kama mgonjwa, andika herufi hewani kwa kidole gumba, A mpaka Z, mara kadhaa kwa siku, na tembea kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, kisigino kwanza kisha vidole.

Uvimbe ukipungua ndo kazi yenyewe inaanza, na hapa ndo vijana mnanikimbia kwasababu haina rangi. Simama kwa mguu ulioumia peke yake sekunde 30 wakati unapiga mswaki. Ukiweza, fumba macho. Utashangaa unavyoyumba, mguu mzima unasimama na ulioumia unacheza kama umelewa, maana ligamenti ikichanika na zile hisia za kujua mguu umekaaje zinaharibika. Ukiweza hapo simama juu ya mto, halafu rafiki akurushie mpira udake. Ongeza kupanda na kushuka kwa vidole, mwanzo miguu miwili baadae mmoja. Siku ukiweza kurukaruka kwa mguu huo peke yake na kukata kona kwa spidi bila kuuonea huruma, njoo tuongee habari za mechi.

Na tepu yako ya bluu usiitupe, kama inakupa nafuu bandika, haina ubaya. Osha mguu ukauke, nywele nyingi punguza, kata pembe ziwe mviringo zisianze kubanduka. Vuta unyayo juu uwe nyuzi tisini na mguu. Anzia ndani ya mguu juu ya nundu, pitisha chini ya kisigino, panda nje, katikati vuta wastani, miisho yote miwili usivute kabisa, weka tu. Kipande cha pili kizungushe kikatize mbele ya enka. Sugua kwa kiganja gundi ipate joto. Siku 3 mpaka 5 inatosha.

SWALI: Dokta, binti yangu ana miaka 12, ameteguka enka akicheza netiboli shuleni. Bibi yake anamkanda na maji ya moto ya chumvi asubuhi na jioni, anasema watoto wote wa ukoo wetu wamepona hivyo. Mwalimu wa michezo amempa tepu. Mimi niko katikati, nimsikilize nani?
Mama wa Tanga

JIBU: Mama, kwa leo wote wawili wasubiri. Mtoto wa umri huo mifupa bado inarefuka, na karibu na ncha ya mfupa kuna sehemu laini inayokulia, mara nyingine hiyo ndo inaachia wakati ligamenti imebaki nzima. Kwa nje utaona enka imevimba tu kama ya mtu mzima. Kwa hiyo kama akibonyezwa kwenye ile nundu ya nje analia, apelekwe akaonwe na apigwe picha, na hata picha ikitoka safi lakini mfupa bado unauma mwambie daktari, asikurudishe nyumbani na panadol tu.

Bibi mwambie kwa heshima apumzishe mikono siku chache, kuchua kitu kilichochanika kikiwa bado kibichi kunaongeza kuvuja damu ndani. Baadae akitaka kumkanda taratibu kwa mafuta, mradi imethibitika mfupa hauna shida, hakuna atakayemzuia, na mtoto akibembelezwa na bibi yake maumivu yenyewe yanapungua. Tepu ya mwalimu irudishe na shukrani.

SWALI: Daktari, hujambo. Nimekuwa na hiyo tepu kwa kifundo cha mguu siku tano, sasa inaniwasha vibaya na kuna vipele vidogo pembeni. Niiache imalize wiki ama niitoe?
Mkimbiaji, Nakuru

JIBU: Sijambo. Itoe leo. Ngozi yako imekataa gundi, ukiing'ang'aniza utapata vidonda. Usiinyofoe kwa haraka, paka mafuta ya kupikia juu yake subiri kidogo, halafu ikunje taratibu kuelekea nywele zinakolala huku kidole kingine kinasukuma ngozi. Osha kwa sabuni, usibandike tena mpaka ngozi ipone, na ukirudia jaribu kipande kidogo kwanza kwa siku moja. Vipele vikizidi kusambaa au vikitoa maji pitia kwa daktari wa ngozi.

SWALI: Dokta mimi ni mgumu, nabeba mizigo Kilimanjaro. Enka ya kushoto imeteguka miaka ya nyuma, tangu hapo kila safari lazima igeuke, hasa tukiwa tunashuka Mweka. Mgeni mmoja aliniachia tepu zake. Nibandike vipi?
Mpagazi, Moshi

JIBU: Kaka, yako sio ya kubandika. Enka inayogeuka kila mara imeshazoea, na wewe unashuka kwenye mawe na tope na mzigo ambao kisheria unafika kilo 20, tepu hapo ni sawa na kufunga mzigo kwa uzi. Nunua soksi ngumu ya kamba, ivae kila unapopanda na kushuka, na viatu viwe vinapita juu ya enka sio raba. Ukiwa nyumbani kati ya safari fanya yale mazoezi ya kusimama mguu mmoja niliyompa winga hapo juu, kila siku, wiki 6 mfululizo bila kutoroka, na usibague mguu, fanya yote miwili. Ikipita miezi mitatu bado inageuka, au ikaanza kukwama ndani unapotembea, muone daktari wa mifupa, kuna watu wanahitaji kukazwa ligamenti kwa upasuaji.

Hizo tepu za mgeni zitumie kwenye kisigino, pale kiatu kinapokusugua, kabla lengelenge halijatoka. Likishatoka likapasuka usibandike juu yake.