Sona ya bei nafuu kwa kayaki ya baharini: pesa ziende wapi

Video nyingi zinazosifia sona, yaani vifaa vya kutafutia samaki kwa mwangwi, zimepigwa kwenye maziwa ya Marekani. Maji ni matamu, yametulia, kina hakizidi mita saba, na skrini inaonyesha hadi matawi ya mti uliozama. Ukinunua kwa kufuata video hizo kisha ukatia kayaki baharini Kilifi, sehemu kubwa ya ulicholipia hutaiona ikifanya kazi.

Mimi huvua kwenye mlango wa hori ya Kilifi na nje kidogo ya mwamba, na ushauri wangu kwa mwenye pesa za kubana ni kwamba asinunue picha. Anunue kifaa kinachomwambia maji yana mita ngapi, chini kuna mchanga au jiwe, na kinachoweza kumrudisha palepale kesho. Samaki kwenye skrini ni bahati ya ziada.

Sona hutuma mlio chini, ikasubiri mwangwi na kuhesabu muda. Mlio mwembamba wa kilohezi 200 (kHz, kipimo cha wembamba wa mlio) huchambua vitu vidogo vizuri lakini huchoka mapema. Mlio mzito wa kilohezi 77 au 50 hufika mbali, ila hauchambui sana. Zile picha zinazofanana na fotografia hutengenezwa kwa milio myembamba zaidi, ya kilohezi 455 au 800, na chumvi zilizoyeyuka baharini huimeza milio ya aina hiyo haraka mno. Ndiyo maana kifaa kinachong'ara ziwani hufifia ukivuka mwamba.

Mfano mzuri ni Garmin Striker 4, ambayo Marekani huuzwa kati ya dola 100 na 150, usafiri na ushuru vikiwa mbali. Mtengenezaji mwenyewe anasema inasoma hadi mita 480 hivi kwenye maji matamu, lakini mita 230 tu kwenye maji ya chumvi. Unapolinganisha vifaa, tazama ile namba ya pili. Kwa kayaki mita 230 ni nyingi kuliko utakazohitaji, maana hutashusha mshipi huko kwa mkono. Ina milio ya kilohezi 77 na 200, ina teknolojia ya CHIRP inayotuma mlio unaopanda badala ya mlio wa aina moja, na hilo husaidia kumtenga chewa aliyelalia jiwe na jiwe lenyewe. Ina GPS. Haina ramani ya bahari. Utaona alama zako tu kwenye uwanja mtupu. Na licha ya jina, skrini yake ni inchi 3.5. Mimi hiyo inanitosha, lakini mwenye macho mazito aongeze pesa apate inchi tano.

Ukisoma maboksi utakuta kifaa kimoja kina wati 200 na kingine wati 1,600 kwa bei ileile. Usikimbilie. Kuna njia mbili za kupima nguvu hiyo: RMS, yaani nguvu ya wastani, na ile ya kilele hadi kilele, ambayo hutoa namba kubwa mara nane. Wati 1,600 za kilele ni wati 200 za RMS. Ni nguvu ileile.

GPS ndiyo siwezi kuiacha hata bei ikipanda kidogo. Wazee wetu huupata mwamba kwa kulinganisha mnazi na mnara wa msikiti, na wana uhakika kuliko mashine yoyote, ila mvuvi wa kayaki amekaa chini kabisa majini na asubuhi ya ukungu haoni hata mstari wa pwani. Kina pekee hakikurudishi. Siku za bamvua maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo jiwe ulilolikuta kwenye mita 12 maji yakijaa litasoma 9 yakitoka. Ukikuta sakafu imebadilika, bonyeza alama hapohapo, kabla ya kushusha chambo. Mstari mnene na mzito maana yake chini ni kugumu. Mstari mwembamba uliofifia ni mchanga au tope. Pale vinapokutana ndipo changu na kungu hupenda kukaa. Wanaovua upande wa Watamu watie pia alama za mipaka ya hifadhi ya taifa ya bahari (Marine National Park), maana ndani ya hifadhi hiyo uvuvi umepigwa marufuku na maboya hayaonekani vizuri ukiwa umekaa chini.

Zima ile michoro ya visamaki. Ni kisio la mashine. Kipande cha mwani au mapovu huchorwa samaki vilevile. Acha mwangwi wenyewe uonekane. Vibua na dagaa huja kama wingu, na ukiona michirizi chini ya wingu hilo, hapo kuna kolekole au nguru anayewinda. Usisubiri umbo la upinde unaloliona kwenye matangazo: kayaki ikitulia, samaki aliyetulia chini yako huchora mstari mrefu tu. Kumbuka pia kwamba mlio hushuka ukipanuka. Kwa koni ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 30 unatazama duara la upana wa mita kumi hivi, kwa hiyo samaki uliyemwona huenda hayuko chini ya kiti chako.

Tuje kwenye betri, ambako watu hutupa pesa bure. Vifaa vidogo hivi hula takriban robo ampea, hivyo saa nane za uvuvi ni ampea-saa mbili. Betri ya volti 12, ampea-saa 7, ile iliyofungwa ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba wa kompyuta) na kengele za wezi, inapatikana kila mji na inatosha, hata ukifuata kanuni ya kutoishusha chini ya nusu. Ubaya wake ni uzito, zaidi ya kilo mbili. Ya lithiamu ni nyepesi na ghali. Betri ya pikipiki ya kumimina asidi usiilete kabisa ndani ya kayaki. Tia fyuzi ya ampea ndogo, fungia betri kwenye kopo lisiloingiza maji, na paka vichwa vyake vaselini.

Alama ya IPX7 kwenye boksi inamaanisha kifaa kilivumilia mita moja ya maji kwa nusu saa, na ni maji matamu. Haisemi chochote kuhusu chumvi inayokaukia kwenye pini. Ukirudi, osha kwa maji ya bomba, kausha, ndipo uchomoe nyaya.

Transdusa, ile sehemu inayotuma mlio na kupokea mwangwi, ukiifunga chini ya kayaki itakwaruzwa na vipwa siku utakayotua maji yakiwa yametoka. Kwenye kayaki ya plastiki waweza kuigundisha ndani, kwa sharti pasiwe na povu wala sponji kati yake na plastiki. Kabla ya gundi, iweke juu ya mfuko mdogo wa maji uliolala sakafuni, kisha linganisha kina na kile inachosoma ikiwa imening'inizwa nje. Zikikaribiana, gundisha. Joto la maji halitasomeka sawa, si neno. Wenye ngalawa wasijaribu hili, mbao huumeza mlio. Wafunge kwenye ufito ubavuni.

Zile sona za kurusha zinazotuma picha kwenye simu zinamfaa anayekodi kayaki. Kwa mkondo wa mlangoni hapa zinasumbua, na simu kwenye jua la saa sita hukataa kazi.

Ukinunua iliyotumika, usidanganywe na skrini iliyojaa samaki dukani. Hiyo ni hali ya maonyesho, hufanya kazi hata bila transdusa. Mwombe muuzaji aizime, kagua pini kama zina kutu ya kijani, vaa miwani yako ya jua uone kama skrini haigeuki nyeusi, kisha nendeni gatini mkaishushe majini. Akikataa kwenda gatini, mwachie kifaa chake.