Barua kwa mwanangu: wimbo wako na zile kanda zetu

Mwanangu, baba yangu,

Marahaba. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ya kwanza nilikuwa nabangua korosho na mashine ya jirani inapiga kelele sikushika kitu, ya pili usiku, ya tatu nikamwita dada yako tusikilize wote wawili. Nimeona nikuandikie tu, maana kwenye simu ukianza kunijibu katikati mimi nasahau nilipokuwa nakwenda.

Umeuliza mambo mawili. La kwanza, wimbo wako ule uliolipia studio laki na nusu, hela ya kubeba mizigo hapo Mbagala, wiki mbili tu umeukuta kwenye tovuti za kupakua bure na mafundi simu wanawaingizia watu kwenye memori kadi, jina lako limeondolewa limewekwa la diijei, unauliza uwaripoti waufute au uuache usambae. La pili ndo lilinikalisha kitako. Umesema "mama, nyie na baba mlipokuwa mnarekodi kanda pale sokoni, hamkuona kama mnaiba?"

Nitaanza na hilo la pili.

Tuliiba, mwanangu. Ada yako ya darasa la kwanza ililipwa na hizo kanda na sitaki nikufiche. Ila nikueleze ilivyokuwa, maana wewe Masasi unayoijua ni ya lami, unatoka Mbagala asubuhi jioni upo kwenu. Enzi zile masika ikianza ndo basi tena, daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, kabla ya hapo ni pantoni na matope, basi linalala njiani siku tatu nne, watu wanakula mihogo mibichi porini. Kwa hiyo kanda orijino ikitoka Kariakoo mpaka ije ifike Masasi, imekuja na mtu mmoja aliyepanda meli mpaka Mtwara ndo akapata lori la kupanda nalo huku, na anayo moja tu. Baba yako anaikodi kwake usiku mmoja. Tulikuwa na deki ya milango miwili, ameinunua kwa hela ya korosho mwaka 1992, ukiiweka spidi kubwa kanda ya dakika 60 inaisha nusu saa, jenereta la umeme lisipozimwa asubuhi tumepata 12. Kanda tupu zilikuwa ghali, kwa hiyo tukipata zile za mahubiri zilizogawiwa bure tunaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi na selotepu tunarekodi juu yake, Mungu anisamehe. Saa nane za usiku mimi nakata karatasi za kava, wewe umelala kwenye boksi la kanda miguuni kwangu.

Na sikuona naiba, niseme kweli. Niliona nawaletea watu muziki ambao bila sisi wangeusikia redioni tu, Radio Tanzania ikipenda. Wala hao wenye bendi wenyewe sikujua wanaishije. Nilidhani mtu ambaye sauti yake ipo nchi nzima lazima ana nyumba ya ghorofa. Kumbe bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika, za jumuiya ya wafanyakazi, za jeshi, za magereza, mwanamuziki ni mwajiriwa kama karani, anarekodi Radio Tanzania wimbo unapigwa kila siku na yeye yupo kwenye mshahara wake uleule. Hata kiwanda cha santuri hapa nchini hakikuwepo, santuri zilikuwa zinatengenezwa Kenya.

Hayo niliambiwa na mtu mmoja, na huyu sitamsahau. Msimu wa korosho wa mwaka 1996 ilikuja bendi kutoka Dar kupiga hapa Masasi, jioni kabla ya shoo mpiga gitaa wao akapita sokoni akasimama kwenye kibanda chetu. Akaokota kanda, juu baba yako ameandika kwa mkono wake "MCHANGANYIKO NAMBA 4". Akamwomba aipige. Ni yeye mwenyewe ndani yake. Mimi nikaanza kukusanya vitu nikijua sasa polisi hawa hapa. Yule mpiga gitaa akauliza tu, "katika hizi, ipi inachukuliwa sana?" Baba yako akamwonyesha. Akasema hiyo ndo tutafungulia leo usiku.

Na ukumbi ulijaa mwanangu, ulijaa mpaka watu wamesimama madirishani, walipoanza ule wimbo wote wakaimba, mistari yote, watu ambao hawajawahi kukanyaga Dar. Walijifunza wapi? Kwenye kanda zetu. Usiku ule nilirudi nyumbani nikiwa najiona nimetenda jema, nikamwambia baba yako unaona, tumewajazia ukumbi.

Asubuhi yule baba akaja kuaga. Akasema jana tumepata, kiingilio kimetulipa, asanteni. Afu akasema, lakini yule aliyetunga ule wimbo hayupo tena kwenye bendi, anaumwa, yupo kwao, na hela ya mlangoni jana haimfikii hata mia. Na kwenye kanda yenu hakuna hata jina lake, mtu wa Masasi hawezi hata kumwombea dua.

Basi. Hakugomba wala nini, akaenda zake kwenye gari. Baba yako kuanzia siku ile akawa anaandika majina, bendi, mtunzi, mwimbaji, kila kanda, mpaka kava likawa dogo anaandika na nyuma. Tuliendelea kurekodi, sitakudanganya, tulikuwa na watoto wanne. Lakini mimi ile furaha ya ukumbi kujaa haikunirudia vilevile.

Kuna na mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea, alikuwa anafundisha huku miaka hiyohiyo, alikuwa na kanda zimeandikwa tarehe na jina la mji, anasema ni za bendi ya kwao inaitwa Grateful Dead. Akatuambia hao watu wakipiga shoo wanaruhusu mashabiki waje na vinasa sauti vyao warekodi, tena tangu mwaka 1984 wakawatengea sehemu maalum ya kusimama, na watu wanabadilishana hizo kanda nchi nzima bila kulipana. Baba yako akachangamka, akamwambia tuachie tuzidurufu. Yule kijana akakataa. Akasema sharti lao ni moja, usiuze, na nyie mnauza. Nilimkasirikia sana siku ile, nikaona mtu ana kila kitu kwao anakuja kutuhubiria sisi tunaohesabu shilingi. Leo namwelewa. Bendi yenyewe iliwagawia watu kanda kwa mapenzi ikajaza viwanja, ila haikutaka mtu wa katikati asimame pale kukusanya. Na mtu wa katikati ndo tulikuwa sisi.

Sasa mwaka 1999 ikapitishwa sheria ya hakimiliki hapa kwetu, ile iliyoleta COSOTA, chombo cha serikali cha hakimiliki, kwamba kazi ya mtunzi ni yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sisi huku tulikuja kuisikia baadaye sana. Na dada yako amenisomea juzi kwenye simu kwamba mwaka huohuo 1999 kuna kijana wa Marekani, Shawn Fanning, alianzisha kitu kinaitwa Napster, watu wanachukuliana nyimbo kwenye kompyuta bila kulipa, ikafika 2001 mahakama zikaizima, afu kuanzia 2003 makampuni ya muziki yakaanza kuwashtaki wasikilizaji mmojammoja. Mama mmoja wa Minnesota alihukumiwa kulipa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Nyimbo 24! Hizo ni kanda mbili tatu za baba yako. Na watu waliacha? Hawakuacha, kikifungwa hiki kinafunguliwa kingine, na makampuni yenyewe mwaka 2008 yakasema sasa tunaacha kushtaki watu. Nakuambia hivi ili usije ukadhani ukiripoti tovuti moja ndo umemaliza, utaamka kesho umekuta nyingine tatu, na wewe unatakiwa ulale uamke ubebe mizigo.

Ila kuna kitu kimenitokea nilitaka nikupigie siku ileile nikasema ngoja nitulie kwanza. Nilipanda boda kutoka Mkuti kwenda kumwona shangazi yako, yule kijana ana spika chini ya usukani, nikasikia wimbo wako. Wimbo wako baba! Nikamwambia simama. Nikamuuliza huyu ni nani anaimba, akanitajia yule diijei. Nikamwambia huyu ni mwanangu, nimemzaa mimi, akacheka, nikamwimbia ubeti wa pili ule wa bibi na kisima ndo akaniangalia vizuri. Akasema mama, huu wimbo vijana wote wa stendi tunao, mwezi wa 12 tunawatoa wadogo zetu jandoni tulitaka huyo msanii aje apige kwenye disko vumbi, tumemtafuta yule diijei akasema hamjui aliyeimba, tukaamua kuchukua mwingine.

Umeona? Mimi sikulala. Yule fundi simu kukuchukulia shilingi 50 kwa kila anayeingiziwa wimbo inauma, lakini hata usingeibiwa hao vijana wasingeununua, wewe nani anakujua sasa hivi? Hiyo mitandao yenyewe inayolipa, dada yako anasema YouTube haikupi hela ya matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya mwaka, au video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na Spotify tangu 2024 wimbo usiofika kusikilizwa mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu. Kwa hiyo kwa sasa huko hujaibiwa hela. Umeibiwa mwaliko. Kuna watu wa kwenu wanaupenda wimbo wako, wana hela ya korosho mkononi, wana tarehe ya sherehe, na njia ya kukufikia ilikatwa siku ile mtu alipofuta jina lako.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, wasikilizaji waache. Mtoto wa stendi anayemrushia mwenzake kwa blututh usimguse, huyo ndo redio yako. Anayefuta jina lako akaweka lake, huyo mfuate, mwandikie kwa adabu kwanza arudishe jina, akikataa ndo uripoti, na hapo uwe na cheti mkononi, nenda COSOTA kausajili wimbo. Baa na redio vinavyopiga muziki kwa biashara navyo vinatakiwa vilipe mirabaha, yaani malipo ya mwenye kazi kila inapotumika, lakini utaidai vipi kama hujasajiliwa?

Na hili nakuomba kama mama. Mwanzo wa wimbo wako nimemsikia prodyuza anajitaja mara mbili, na diijei amejitaja, wewe uliyeimba hujajitaja popote. Rudi studio, omba wakuwekee ujitaje mwenyewe, jina lako, na Masasi, katikati ya ubeti kabisa ambapo mtu akitaka kukata ataharibu wimbo. Afu toa hiyo mpya bure wewe mwenyewe, wape mafundi simu kwa mkono wako kabla hawajaipata kwingine. Hilo ndo tungeweza kuwafanyia wale wanamuziki wa kanda tangu siku ya kwanza na halikuwa na gharama, ni wino wa kalamu tu, na tulichelewa miaka minne.

Najua utaniambia Harmonize. Kila kijana wa huku akishika maiki anamtaja Harmonize wa Tandahimba, na mna haki, mtu wa kwenu amefika mbali moyo lazima unyanyuke. Lakini mimi nimeuza muziki, nimeona sauti nyingi nzuri kuliko majina yaliyobaki. Sitaki uache kubeba mizigo mwaka huu. Nataka uwe na sehemu tano sita huku kusini ambazo wakipanga sherehe wanakupigia simu, Ndanda, Lulindi, Nagaga, hapa mjini, hata kwa Wamwera kule Nachingwea, wakupe nauli na kitu cha mfukoni, na wakuimbie ubeti wako kabla hujaufungua mdomo kama nilivyoona mwaka ule.

Yule kijana wa boda nimechukua namba yake nimekutumia kwenye meseji, mpigie leo, anaamka mapema. Nimemwambia utakuja mwezi wa 12 na hiyo ya kwanza utawapigia kwa nauli tu. Mjomba wako ana rafiki yake mwenye jenereta na spika za disko, wameshaongea, mtaelewana bei mkionana. Njoo na flashi 10 zenye wimbo ukiwa na jina, nitakurudishia hela yake korosho za mnada wa pili zikilipwa.

Na kanda moja ya baba yako ipo, ile Mchanganyiko namba 4, nilipohama nyumba niliifunga kwenye kanga. Imekwama kidogo lakini ukiizungusha kwa kalamu inaenda. Nataka umsikie yule mtunzi. Jina lake limeandikwa nyuma, baba yako aliliandika baadaye kwa kalamu nyekundu.

Basi likifika Nangurukuru nipigie nijue saa ya kuinjika. Ming'oko nimeshaagiza.

Mama yako