Yaya na mtunza bustani katika mstari mmoja

Swali lenu la wiki hii lauliza: je, anayelea watoto wadogo alipwe kama mwalimu, na asomee kazi yake kama mwalimu? Kwa malipo, jibu langu ni ndiyo. Kwa masomo ni ndiyo pia, lakini nina masharti, na nitayataja. Naandika kutoka Mikindani, Mombasa, ambako nina kituo cha kulelea watoto: vyumba viwili, baraza na tangi la maji. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa nasari. Kwa hivyo kazi hii nimeifanya pande zote mbili, upande wa chaki na upande wa nepi.

Nianze na pesa. Wengi hawajui kwamba yaya wa watoto ametajwa kabisa katika agizo la serikali la kima cha chini cha mshahara. Ametiwa kwenye kundi la kwanza, la vibarua wa kawaida, pamoja na mfagizi, mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani, tarishi na mlinzi wa mchana. Kwa agizo la Novemba 2024 kundi hilo liliwekewa shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Sina neno na mtunza bustani, ni mtu wa jasho lake. Lakini ua likikatwa vibaya leo litachipua tena baada ya mvua. Na hata hicho kima chenyewe, ingia mitaani uwaulize mayaya ni wangapi wanaokiona.

Mwalimu wa chekechea naye yuko kwenye daftari jingine. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, ilizipa kaunti kazi kadhaa katika kifungu kimoja: elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kulelea watoto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi ya chekechea kaunti zimeishika. Madarasa yamejengwa, walimu wameajiriwa. Kelele zilizobaki ni za haki na zinajulikana. Mwenzake wa gredi ya kwanza, ambaye darasa lake liko ng'ambo ya ua uleule, ameajiriwa na TSC, tume ya taifa ya walimu, na ana ngazi yake ya kupandia. Yeye wa chekechea yuko kwa kaunti, mara nyingi kwa mkataba, na mshahara wake wategemea amevuka mpaka gani. Hilo watalieleza wenyewe kupitia chama chao, nami nawaunga mkono.

Langu ni lile la mwisho katika kifungu, vituo vya kulelea watoto. Hilo limeandikwa likasahauliwa. Pesa na mitaala huanza mtoto akifika miaka minne, anapoingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Kabla ya hapo mtoto ni wa mamake na wa jirani, na anayemshika hana cheo, hana cheti, wala hayumo kwenye bajeti ya mtu.

Sasa tazameni miezi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Mwezi wa nne arudi kazini. Akina mama wangu wengi wako kwenye viwanda vya nguo vya EPZ, vile vinavyoshona vya kuuzwa nje ya nchi, wengine wanauza, wengine wanafua nguo Nyali. Kwa hivyo napokea watoto ambao shingo bado haijakaza. Kutoka hapo hadi PP1 ni zaidi ya miaka mitatu na nusu, na ndiyo miaka ambayo mtoto anajifunza kukaa, kutambaa, kusema, kula mwenyewe na kumwamini mtu asiye mamake. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo wao wa malezi mwaka 2018, na umesisitiza miaka mitatu ya mwanzo kuliko yote. Kwetu ndiyo miaka isiyo na mwenyewe.

Kazi yenyewe ikoje? Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakolea, mama anafika mbio, matatu inamngoja stejini. Ananikabidhi mtoto ndani ya leso, mfuko wa nepi, chupa ya maziwa. Anasema akiwa tayari amegeuka, "Mwalimu, usiku alikuwa na joto kidogo, lakini nishampa dawa." Hapo kazi imeanza. Naweka mgongo wa mkono shingoni mwa mtoto, namkuta yuko sawa, na najua usawa huo ni wa ile dawa. Ikifika saa nne nguvu ya dawa itaisha, na mamake atakuwa kwenye laini ya kiwanda ambako simu haishikwi. Kwa hivyo mtoto huyo simlazi na wenziwe. Namweka karibu na mlango ninapomwona. Nahesabu pumzi zake, naangalia kama ananyonya chupa au anaitazama tu. Akikataa kunyonya, akilegea, au kifua kikianza kuvuta, siendi kumtafuta mama kiwandani, naenda zahanati moja kwa moja na msaidizi anabaki na wengine.

Hayo yote siyo mambo ya kuzaliwa nayo. Huwa nasikia wanaume wakisema, na wanawake pia wako, kwamba kulea hakusomewi, kila mwanamke anajua. Mwanamke anayejua ni yule aliyezaa mmoja mmoja. Mpe watoto wanane wa chini ya mwaka, kwenye chumba chenye joto la Februari, maji ya bomba hayajaja, uoshe kwa maji ya chumvi ya kisima na maji matamu ya mkokoteni uyaweke kwa uji na chupa, halafu uje tuzungumze juu ya kipaji.

Na kazi imebadilika mikononi mwetu. Zamani mzazi alitaka mtoto ashibe na asiumie, basi. Siku hizi anauliza mbona hajasema, mbona anatembea kwa vidole, mbona mwenzake wa mtaa wa pili anataja rangi. Vizuri aulize. Mara nyingi sisi ndio wa kwanza kugundua mtoto haitiki anapoitwa kutoka nyuma, kwa sababu tunao wengine wa umri uleule pembeni. Walimu wa chekechea nao tangu mtaala mpya uanze kujaribiwa 2017 wana makaratasi ya kutathmini kila mtoto, na juu yake wazazi wanaodai Kiingereza na kazi ya nyumbani kwa mtoto wa miaka minne. (Kuhusu hiyo kazi ya nyumbani niliwahi kumwambia mzazi mmoja aifanye yeye. Hakufurahi.)

Turudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo mazungumzo mengi ya malezi hukatika. Nina watoto kumi na wawili. Mama analipa shilingi 100 kwa siku. Wakija wote, na wakalipa wote, mwezi wa siku 26 naingiza 31,200. Msaidizi mmoja akilipwa kile kima cha sheria, zinabaki 15,086.25. Nyumba ni 9,000. Zinabaki elfu sita na kidogo, na bado sijanunua maji, gesi, unga wa wimbi, sabuni, wala sijajilipa mimi. Na siku zote hawaji wote, wala hawalipi wote. "Niwekee, nitakutumia jioni" ni wimbo ninaoujua beti zote. Ndiyo maana wasaidizi wa vituo kama hivi hawalipwi kima cha sheria, wangu akiwemo, na ndiyo maana hawakai.

Mtaniambia nipandishe bei. Nikifanya 200, mama wa kiwandani anayepata kitu karibu na kile kima cha 16,113.75 atanilipa 5,200 kwa mtoto mmoja, karibu thuluthi ya mshahara wake. Hatalipa. Atamwacha mtoto na dadake wa miaka tisa, na huyo wa miaka tisa atakosa shule. Nimeona. Kwa hivyo anayesema mlezi alipwe kama mwalimu, halafu akanyamaza juu ya nani atakayelipa, ametuambia tu kwamba anatupenda.

Kuhusu masomo, mimi ni wa DICECE. Kwa vijana wasioijua: mwaka 1984 kulianzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya, DICECE. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili, unasoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba, na muhula ukifunguliwa unarudi darasani kwako ukijaribu ulichofundishwa, na mkufunzi anakuja kukutazama. Tulitengeneza vifaa kwa vifuu, vizibo vya soda na magunzi. Hukulazimika kuacha kazi ili usome, nalo lilikuwa jambo kubwa kwa mtu mwenye watoto wake nyumbani.

Tena Mombasa hii ndiyo iliyoonyesha njia. Mpango wa nasari za madrasa ulianzia hapa miaka ya 1980, wakati viongozi wa Kiislamu wa Pwani na Wakfu wa Aga Khan walipokubaliana watoto wapate chuo cha Kurani na nasari pamoja, na Bi Swafiya Said akawafunza walimu wa mwanzo. Wale walimu walikuwa wanawake wa mtaani hapohapo, wengi wao hawakuwa na shule ya kutisha. Walifunzwa kazi wakiwa kazini, wakafuatwa madarasani, na mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Hakuna aliyewaambia kwanza warudi wakatafute alama za kidato cha nne.

Hilo ndilo sharti langu. Diploma ya sasa ni nzuri kwa mwalimu wa PP1 na PP2, na anayeiweza aisome. Lakini ukiniambia kila anayelea mtoto wa miezi minne awe na diploma, utakuwa umewafungia mlango wanawake wenye mikono mizuri kuliko yote, na vituo vitaendelea kwa kujificha nyuma ya pazia. Tunataka mafunzo mafupi, ya vipande, yenye cheti kinachotambulika: dalili za hatari, kulisha na usafi, kuzungumza na kucheza na mtoto, moto na umeme. Yatolewe kwenye vyuo vya ufundi vya kaunti, ambavyo, kama nilivyosema, viko kwenye kifungu kilekile cha Katiba. Na mwenye uzoefu apimwe anachojua apewe cheti, kama wanavyofanyiwa sasa mafundi waliojifunzia kazi mitaani.

Kuna jambo linaloniuma hapa. Msaidizi niliyekuwa naye, msichana hodari ambaye watoto walikuwa wakimlilia akienda dukani, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Kabla ya kusafiri alipitia mafunzo, maana serikali inawataka wanaokwenda huko wafunzwe kwanza. Alirudi siku moja kuniaga na cheti mkononi, akanionyesha kwa furaha. Nilimpongeza, alistahili. Lakini miaka yote aliyokuwa akilea watoto wa Mikindani hapakuwa na ofisi iliyomtaka ajue kitu chochote.

Nani alipe, basi? Watatu. Mama alipe anachoweza, kama anavyolipa sasa. Mwajiri alipe, maana Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka awe na chumba cha mama kunyonyesha au kukamua maziwa, ilhali akina mama wanaoniletea watoto wananiambia wanakamua chooni. Asiyeweza kuwa na chumba kwake achangie kituo kilicho karibu na geti lake. Na kaunti ilipe, pamoja na serikali kuu. Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2023 serikali iliwapa kazi wahamasishaji wa afya ya jamii karibu laki moja nchi nzima, posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Ni wanawake walewale wa mtaa, waliokuwa wakifanya kazi ya bure miaka mingi. Posho ya namna hiyo kwa mlezi aliyesajiliwa na aliyefunzwa, juu ya anachopata kwa wazazi, ingembakisha kazini.

Nina binamu Uingereza anayefanya kazi nasari. Huko sheria inataka mlezi mmoja kwa kila watoto watatu wa chini ya miaka miwili, na tangu Septemba 2025 serikali inawagharimia wazazi walio kazini malezi ya saa 30 kwa wiki kuanzia mtoto wa miezi tisa. Na bado binamu analalamikia mshahara wake. Kwa hivyo sisemi tukiiga wao mambo yamekwisha. Nasema wao angalau wamekubali kwamba hesabu ile haifungi bila mtu wa tatu kutia mkono mfukoni.

Mikutano ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti ikiitishwa, mimi huenda, na kila mwaka nakuta tumejaa watu wa barabara na taa za mitaani. Wenzangu wa vituo njooni tuketi mstari wa mbele. Tuombe kitu kimoja chenye tarakimu: posho kwa wanaopokea watoto wa chini ya mwaka mmoja, hao kwanza, kabla ya kujenga jengo lolote na kukata utepe. Wa miaka mitatu unaweza kumwimbia akatulia. Wa miezi minne, ukiwa nao wanane na mikono miwili, hakuna wimbo.